Kidonge cha Nywele Katika Kinu cha Safia

Ayoubu anauza vitenge hapa soko la Kasongo, na duka lake linaangaliana na meza yangu ya chumvi na sabuni. Ni mutu wa mjini tangu babu za babu zake, mwislamu, anapima kitenge kwa mkono bila kutazama, na anajua kunyamaza mpaka mnunuzi achoke na kutaja bei mwenyewe. Kwa biashara sina la kumfundisha. Kwa kichwa chake, hapo ndipo akili ilimtoka.

Nywele zilianza kumwacha juu ya paji, pande mbili, kisha utosini. Hajafika miaka arobaini. Alificha kwa kofia, na kofia ya mwislamu haina anayeiuliza. Shida ilikuwa siku za joto, akiivua ili ajipepee. Wanawake waliozoea kumwita yaya, kama mutu anavyomwita kaka yake mkubwa, wakaanza kumwita papa. Na mutu akikubadilishia jina hivyo sokoni, hakuheshimu bure. Anataka umpunguzie bei, kwa sababu papa amekwisha kujenga, watoto wake wamekua, hana haraka.

"Papa, utusaidie basi!"

Nilikuwa nasikia nikiwa upande wangu, nacheka. Ayoubu hakucheka.

Alijaribu kitunguu kilichopondwa, akanuka mpaka wateja wakawa wanachagua vitenge kwa mbali. Akaletewa mafuta ya samaki kutoka Nyangwe. Paka wa soko wote wakampenda, nywele hazikurudi. Nikamwambia, "Nyoa zote, umalize." Akaniangalia kama nimemwambia afunge duka.

Kisha akapita Grégoire. Huyu ananunua dhahabu Salamabila, na kila mara pikipiki na malori yanamfikisha hadi Bukavu. Yeye pia alikuwa na upara mbele, na sasa palikuwa pameanza kuota vinywele. Alimwambia Ayoubu kwamba Bukavu iko kinini, yaani kidonge, cha nywele, cha waganga wa hospitali wenyewe, si cha barabarani. Safari iliyofuata akamletea, lakini bila boksi, kwa sababu boksi zinajaza mfuko. Vidonge vilikuwa katika karatasi zake za kung'aa, jina limeandikwa nyuma kwa herufi ndogo.

"Kimoja kila siku," Grégoire akasema. "Na uvumilie, ni mambo ya miezi."

"Asubuhi ao jioni?"

"Weye fanya tu. Mimi naenda, mvua inakuja."

Hapo ndipo kosa liliingia. Kwetu dawa inapelekwa penye ugonjwa. Ya tumbo unakunywa, ya jicho unatia jichoni, ya kidonda unapaka kidonda. Sasa dawa ya nywele iende tumboni kufanya nini? Ayoubu hakuona hata sababu ya kuuliza. Mke wake Safia akachukua kakinu kadogo ka kusagia pilipili na vitunguu saumu, akawa anatwanga kidonge kila jioni mpaka kinakuwa unga, anachanganya na mafuta meusi ya kokwa za ngazi, yale matunda ya mchikichi, kisha anampaka mume wake kichwani kwa viganja, polepole, mpaka ngozi inang'aa. Ilikuwa ndiyo saa yao ya kuongea. Binti yao Faida amekwisha kuwa mkubwa, na baada yake Safia alikaa miaka mingi bila kushika mimba nyingine. Sasa alikuwa nayo, na tumbo lilikuwa limeanza kusukuma kitenge.

Dawa ilipokaribia kwisha na Grégoire hajaonekana, Ayoubu akachukua karatasi tupu ya vidonge, akaenda kwa Mathilde mwenye farmasi ndogo nyuma ya soko. Mathilde alisomea uganga wa hospitali, haongei mengi. Nilikuwa hapo natafuta dawa ya kikohozi.

"Hii mimi sina," Mathilde akasema, akiigeuza karatasi penye mwanga. "Finasteridi. Ni dawa ya kweli. Unameza tangu lini?"

"Simezi, mama. Napaka."

"Unapaka kinini?"

"Tunasaga."

"Mnasaga, weye na nani?"

"Bibi yangu. Yeye iko na mikono mizuri kwa kazi hiyo." Bado alikuwa anatabasamu.

Mathilde akaweka karatasi mezani. "Mama Faida? Si ndiye nilimwona anatoka kupimisha mimba?"

"Ndiye."

"Papa Faida, ukae kwanza."

Hakukaa. Mathilde akamweleza akiwa amesimama. Kidonge kile kinapunguza nguvu fulani ya mwili wa mwanaume, ile inayodhoofisha mizizi ya nywele. Mwanaume akimeza kizima, kinafanya kazi yake, ingawa nacho kina maudhi yake na ni vizuri kuonana na muganga kwanza. Lakini nguvu hiyo hiyo ndiyo inayojenga sehemu za siri za mutoto wa kiume akiwa tumboni. Ndiyo maana kidonge kimevalishwa ganda. Mwanamke mwenye mimba hatakiwi kugusa kilichovunjika, sembuse kukisaga.

"Na kama ni binti?" Ayoubu akauliza.

"Hofu iko kwa mwanaume."

"Ameshika kwa viganja tu. Hakula."

"Mnasagia kwa kakinu ka jikoni? Humo mnasaga nini kingine?"

Ayoubu akaanza kuhesabu kwa vidole. Pilipili. Vitunguu saumu vya mboga ya sombe. Chakula cha nyumba nzima.

Mathilde aliendelea, nadhani kwa kumpa kitu kingine cha kufikiria. Kama alitaka dawa ya kupaka, iko ya maji, inaitwa minoksidili, unapaka asubuhi na jioni kwa miezi mingi, na siku ukiacha nywele zinaondoka tena. Iko operesheni ya kutoa nywele za kisogoni na kuzipanda mbele, lakini si huku kwetu. Na uko wembe. Ayoubu hakusikia hata moja. Alikuwa anaangalia viganja vyake mwenyewe.

Tulipotoka akaniambia, "Safia asijue. Atakufa kwa mawazo."

"Asipojua, leo jioni atasaga tena," nikamwambia. "Utamzuia kwa maneno gani?"

Akafunga duka mchana kweupe, akaenda nyumbani.

Yaliyotokea huko alinisimulia Safia mwenyewe. Alikuwa anachagua maharagwe barazani, mumewe akasimama mbele yake na kofia mkononi.

"Mama Faida, leo usisage."

"Imekwisha?"

"Imebaki kidogo. Usisage. Usiiguse kabisa."

"Sasa ni nini? Imekuunguza kichwa?"

Akamwambia yote. Safia alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, akasugua chini ya kucha kwa kijiti. Kisha akakashika kale kakinu kwa kitambaa, akakapeleka chooni na kukatumbukiza shimoni. Aliporudi akamwita kwa jina lake tupu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Faida azaliwe.

"Nywele, Ayoubu? Kwa sababu ya nywele?"

Kesho yake walikwenda pamoja kwa Émérance, mama mzalishaji anayemfuatilia Safia, na karatasi ya vidonge wakaibeba. Émérance akauliza ilikuwa mara ngapi kwa wiki, tangu mimba ina miezi mingapi, na kama alikuwa ananawa baada ya kupaka. Safia akajibu. Mara nyingine alinawa, mara nyingine alijifuta tu kwenye kitenge.

"Kinachopita kwenye ngozi ni kidogo," Émérance akasema. "Naamini mutoto atakuwa salama. Lakini siwezi kukuapia, na mwenye kukuapia anakudanganya. Umeacha, hilo ni la kwanza. Uje kila tarehe ninayokupa."

Ayoubu akaanza mambo yake ya dukani. "Sawa, mama. Lakini tuseme hivi: kwa kuwa ameacha jana, tuseme hofu imepungua nusu?"

"Papa, hapa hatupatani bei."

Tangu siku hiyo biashara yake ilikuwa ya kuhurumiwa. Mteja anataja bei ya chini ili waanze kubishana, yeye anafunga kitenge na kumkabidhi. Wajanja walijua haraka, wakawa wanakuja kwake kwanza. Nilimgombeza, akaniambia, "Mwache achukue." Grégoire alirudi na vidonge vingine, akasikia habari, akashika kichwa.

"Mimi namezaga tu! Nani alikuambia usage?"

"Na nani aliniambia nimeze?"

Grégoire akarudisha vidonge mfukoni, akanunua kitenge ambacho hakukihitaji, akaondoka.

Kilichomtesa Ayoubu zaidi ni dua. Shangazi yake, mwanamke wa sauti kubwa ambaye hakuambiwa kitu, alikuwa anapita dukani kila baada ya soko na kuinua mikono mbele za watu.

"Mungu akupe mwanaume safari hii, jina la babu yako lisipotee!"

"Amina."

"Amina gani hiyo? Unaitika kama mutu anayenyweshwa kinini!"

Watu wakacheka, naye akacheka kwa meno. Aliniambia kwamba kila akisujudu anaomba binti. Mwenye duka la kurithisha, mwenye ukoo mzima unaomsubiri, anaomba binti, kisha anaogopa kwamba ameomba vibaya.

Walipokwenda kwenye ekografi, ile picha ya tumbo, muganga alizungusha chombo tumboni, akasema, "Ni mwanaume huyu." Safia akafumba macho.

"Na iko sawa?" Ayoubu akauliza. "Huko chini?"

"Kwa ninavyoona, iko sawa. Lakini picha si macho. Mtamwona akizaliwa."

Shangazi alipopata habari akapiga vigelegele kutoka msikitini mpaka sokoni. Ayoubu aliketi nyuma ya marundo ya vitenge, hata miguu haikuonekana.

Uchungu ulimshika Safia alfajiri, wakampeleka hospitali, na jua lilipopanda Émérance akatoka nje amebeba mutoto aliyefungwa vizuri kwa kitenge.

"Mwanaume. Na mama iko muzima."

Shangazi akaanza vigelegele. Ayoubu akanyoosha mkono, si kwa kumpokea mutoto, bali kwenye ncha ya kitenge.

"Fungua."

"Iko baridi, papa."

"Fungua, nakuomba."

"Huyu vipi?" shangazi akashangaa. "Anafungua mutoto kama balo la vitenge!"

Émérance alimtazama Ayoubu, akakumbuka. Akageuka ili mgongo wake uzuie upepo, akafungua, akamwonyesha kwa kidole, bila haraka na bila aibu. "Hii iko. Hizi ziko, mbili. Na mkojo umetoka panapotakiwa, umenilowesha mkono mzima."

Ayoubu aliinama, akaangalia. "Uangalie tena."

"Nimeangalia."

"Na muganga mkubwa ataangalia?"

"Akipita."

Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni mpaka muganga mkubwa alipopita, akamshika mkono wa koti, akamwomba. Muganga akaangalia kwa makini, akabonyeza hapa na pale, mutoto akalia kwa hasira. "Hana kasoro yoyote," akasema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Ndipo Ayoubu akampokea mutoto, akaingia alipolala mke wake.

"Umeona?" Safia akauliza.

"Nimeona."

"Wameona wangapi?"

"Wawili, mbali na mimi."

"Kama bado una wasiwasi, itisha wa tatu. Mimi nalala."

Akageukia ukutani. Ayoubu akaketi kwenye ukingo wa kitanda, mutoto magotini, kitenge kimefunguliwa nusu.