Fimbo Moja ya Reli ya Chumbani

Habari niliipata kwa fundi viatu anayefanya kazi mbele ya nyumba ya yule tuliyemwita mzee wa reli: mzee amefariki hospitalini, tension, yaani shinikizo la damu, imemwangusha. Msomaji wa mbali atashangaa, kwa maana katika teritwari yetu, yaani wilaya, ya Fizi hakuna reli hata kipande. Reli ya mzee ilikuwa ndani ya nyumba yake hapa Baraka, juu ya mbao zilizoinuliwa hadi usawa wa kiuno. Alikuwa fundi wa redio. Reli aliziunda kwa njiti za chuma za miavuli iliyovunjika, mabehewa kwa makopo ya sardini, na mota alizitoa katika redio za kaseti ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Umeme ulitoka kwenye batri ya plaka ya jua, yaani paneli ya sola, ile ile iliyochaji simu za majirani.

Mwanzoni njia yake ilikuwa duara. Treni ilizunguka meza, watu wakapiga makofi, na yeye mwenyewe akaridhika, mpaka siku mke wake aliposimama mlangoni na ungo wa unga wa muhogo akamwuliza: “Baba, hii treni yako inazungukaka tu kama mbuzi ya ku kamba. Inaenda wapi?” Sisi tulicheka. Yeye hakucheka. Alilikata duara, akaongeza mbao, akatoboa ukuta wa matofali ili njia ipenye hadi chumba cha pili. Sasa treni iliondoka Baraka, ikapita vituo vya Lweba, Nundu na Mboko vilivyoandikwa kwa rangi juu ya vibao vidogo, ikaishia Uvira, karibu na kitanda cha wageni. Na kwa kuwa kulikuwa na vyumba viwili, palihitajika wakuu wa stesheni wawili. Uvira alimpa rafiki yake, mtu wa milimani, mfugaji ambaye nyumbani kwake wanasema Kinyarwanda, aliyekuwa amejenga mtaa wa pili na kuuza maziwa sokoni.

Hapo ndipo ilipoingia fimbo. Wakati wa vita ile ya zamani mzee alikimbilia Kigoma, na kwa kuwa mkimbizi ana muda mwingi kuliko kazi, alizoea kukaa stesheni akitazama. Mfanyakazi mmoja mstaafu alimweleza desturi ya tangu enzi zao: mahali ambapo njia ni moja, fimbo nayo ni moja. Treni isiyo na fimbo haiondoki. Ikifika, mkuu wa stesheni anaipokea fimbo na kuipa treni inayorudi, na kwa hiyo treni mbili haziwezi kukutana katikati. Mzee alichonga yake kwa mti wa mpera, fupi kama kidole, ikawa inasafiri ndani ya kopo la mbele. Niliwahi kumwambia kwamba angeweza tu kuchungulia kwenye tundu la ukuta. Alikataa kabisa. “Ku reli ya kweli,” alisema, “Baraka haione Uvira.”

Mimi nilikuwa abiria, yaani nilikaa kwenye kigoda nikawasikiliza wakipigiana kelele kupitia ukuta.

“Shefu! Treni yenu iko wapi? Bamama ba ndagala banalalamika huku!” rafiki aliita kutoka Uvira, maana ndivyo alivyomwita mzee, shefu.

“Baambie bafunike samaki! Gari imekwama ku Mboko!”

“Imekwama ao dereva iko anakunywa?”

“Dereva ni wa kwenu, wa milima. Iko anatafuta ng'ombe yake!”

Kisha kicheko pande zote mbili, na treni ikatokea tunduni. Utani huo nje ya nyumba ile ulikuwa umeanza kuwa hatari. Mtaani maneno yalibadilika. Watu waliosalimiana miaka mingi walianza kuulizana asili. Asubuhi moja rafiki yule alipakia familia yake kwenye boti, akavuka ziwa. Jioni iliyotangulia treni ilikuwa imefika Uvira, naye alikuwa ameitia fimbo katika mfuko wa shati, kama alivyozoea. Aliikuta huko ng'ambo, alipokuwa akitafuta simu.

Alipiga simu akitaka kuikabidhi kwa mtu wa boti. Mzee alimjibu: “Hapana. Ikae kwako. Uje nayo.” Tangu hapo reli ilisimama. Mke wake, aliyekuwa amezoea sauti ya mota ile kama sauti ya mvua, ndiye aliyeshindwa kuvumilia. “Si ukate ingine? Miti iko mingi.” Mzee alikuwa akipangusa vumbi kwenye reli, kazi aliyoifanya kila Jumapili baada ya kanisa, ingawa hakuna treni iliyopita. “Nikikata ya pili,” alisema, “zote mbili zinakuwa kuni.”

Siku ya kilio nyumba ilijaa, na wafiwa waliotoka mbali walihitaji mahali pa kulala. Vijana wawili wakashika mbao wazitoe nje. Wakati huohuo simu ya mama mjane ikalia, na sote tukaisikia sauti ya yule rafiki wa ng'ambo ikikatika: “Mama, shefu ameniacha. Sasa hii fimbo niifanye nini?” Mama aliinama akatazama kwenye tundu la ukuta, kwa muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa gari limechelewa. Kisha akasema: “Uje nayo.” Na kwa vijana: “Muache. Batu batalala chini yake.”

Nilikuwa mmoja wa waliolala chini ya mbao zile. Katika nchi yetu njia ni moja, na tumewaona wengi wakijichongea fimbo ya pili, kila mmoja na haki yake mkononi. Hao tunaowazika, tunajua walikutana wapi: katikati ya njia. Mzee alipendelea treni iliyosimama kuliko safari isiyokuwa na mwenzake. Alingoja mpaka moyo ukamshinda. Reli ni safi. Fimbo ingali ng'ambo, na Uvira bado haijajibu.