Masinia ya Wifi

Wifi yangu hachafuki. Nasema hivyo mapema ili mnielewe. Tunafanya kazi moja, kulima chakula cha tembo waliookolewa, lakini jioni mimi narudi nyumbani na matope mpaka kwenye nyusi, yeye anarudi kama mtu aliyeshinda benki. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, huniambia, "Mwangalie dada." Humwangalia, tena kwa muda mrefu, na roho inaniuma.

Kabla yake shamba lilikuwa langu. Miaka kumi na saba nilipanda matete nyuma ya kituo, nikayakata kwa panga na kuyasukuma kwa toroli hadi zizini. Kuna tembo jike pale tunayemwita Kiguru, kwa sababu alinaswa na mtego wa waya akiwa mdogo na mguu wake wa mbele haukunyooka tena. Akisikia tu gurudumu la toroli langu linalia, anakuja kwa haraka yote aliyonayo. Hakuna mwanangu aliyewahi kunikimbilia hivyo, na ninao wanne.

Kisha mvua zikaanza kutuchezea. Msimu mmoja zilikuja mwezi mzima kabla ya wakati, uliofuata hazikuja kabisa. Daktari wa tembo, mama mpole anayesimamia kituo, akauliza nani anajua njia nyingine. Mume wangu akafungua mdomo wake. Akasema dada yake alikuwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, na huko walikuwa wakiotesha shayiri bila udongo.

Wifi akaja na mabegi mawili, akajengewa kibanda cha neti. Analoweka shayiri kwenye ndoo, anaitandaza kwenye masinia, anainyunyizia maji kidogo kidogo, na siku ya saba anakunja majani mabichi pamoja na mizizi yake kama mkeka. Kila sinia hulisugua kwa maji ya chumvi, maana ukungu ukiingia tembo anaumwa tumbo. Nilikuwa nikiyakagua masinia yale kila nilipopata upenyo. Sikuwahi kuona hata doa, na hilo nalo liliniudhi.

Siku moja daktari akatuita. Maji ya kisima yalikuwa yamepungua, na bomba lingeweza kwenda upande mmoja tu.

"Tujipe wiki mbili," alisema. "Nitaangalia wanakula nini. Tembo wenyewe ndio waamue."

Nilikwenda nyumbani nikachukua dumu la molasi ya ng'ombe wangu, ule uji mweusi mtamu unaobaki kiwandani sukari ikishatoka. Kila asubuhi, wifi akiwa hajafika, nilichanganya kikombe kimoja na maji nikanyunyizia mzigo wa matete wa Kiguru. Tembo wengine walikula vyote viwili sawasawa, Kiguru akawa anaipita shayiri kama takataka. Siku ya kumi na nne bomba likaja kwangu. Wifi akanipa mkono.

"Hongera, wifi," akasema.

Ni afadhali angenitukana.

Ushindi wangu ulidumu wiki tano, na molasi sikuiacha. Jua lilizidi, kisima kikawa kinatoa ndoo chache kwa siku, na matete yakakauka hadi mizizi. Ndoo zile zilitosha masinia tu. Tembo wengine wakala shayiri bila matata. Kiguru akainusa, akaisukuma pembeni, akarudi getini kunisubiri. Siku ya tatu mifupa ya nyonga ilikuwa imeanza kuonekana.

Daktari alimpima asione ugonjwa. Akaja kibandani, akasema kwa huzuni kwamba lazima ni ukungu, hata kama hatuuoni. Masinia yote yamwagwe, na wifi arudi alikotoka.

"Nimeyasugua mwenyewe," wifi akasema.

Ningeweza kunyamaza. Maneno niliyoyaombea tangu siku aliyofika yalikuwa yamesemwa na mtu mwingine, bila mimi kutia mkono. Lakini masinia yakimwagwa, kungekuwa na siku saba za zizi zima bila chakula, na Kiguru hakuwa na siku saba.

"Si ukungu," nikasema. "Ni mimi."

Nikaeleza yote, sikubakiza. Wifi akanitazama kidogo, kisha akauliza kama anayeuliza habari ya mapishi.

"Ulikuwa unatia kiasi gani?"

"Kikombe. Kwa nusu ndoo ya maji."

"Basi kalete."

Niliinyunyizia shayiri yake kwa mikono yangu. Kiguru alikula mkeka mzima, akatafuta na vipande sakafuni. Nilitaka ale, Mungu ni shahidi. Na nilitaka asile.

Sasa mimi naosha masinia chini ya wifi. Kila siku alinipunguzia kijiko kimoja cha molasi, na siku ya kumi na tisa akaniambia nisitie kitu. Kiguru alikwenda moja kwa moja kwake, akala shayiri tupu, hakugeuka upande wangu hata mara moja. Nikalia. Daktari akanishika bega, akasema hata furaha ina machozi yake.

Wifi alisubiri aondoke, akanisogezea sinia jingine.

"Ameshiba, wifi," akasema taratibu. "Ndiyo maana hakutazami."

Alikuwa anasema kweli. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko yote.