Tunda la Yago kwa Meza ya Karani

Juzi kwa ofisi ya DC hapa Homa Bay, mama mmoja alikuwa anauliza tena juu ya kijana wake, dereva aliyepotea kwa vita ya Kuwait. Karani hakuinua macho.

"Mama, serikali inafuatilia."

"Hata mwezi jana mlifuatilia."

Akafungua leso, akaweka mezani tunda la yago, lile sisi Wajaluo tunazika badala ya mtu, mwili yake ikikosekana.

"Sema amekufa, nizike hii. Ama sema yuko, nirudi nayo."

Karani, mtoto wa hapa hapa, akasukuma kiti nyuma, akashika simu, akapiga Nairobi. Huko wakamwambia mama angoje.

Sasa najiuliza, kwa meza ya Nairobi nani atapeleka yago?