Swali la Muuza Asali

Juzi nilisimama kwenye kibanda cha asali pale Kanyenye, nyuma ya mzee aliyekuwa anamhoji muuzaji. Nasema anamhoji kwa sababu sauti ile Tabora nzima tunaijua: ametuendeshea kipindi cha mahojiano redioni miaka na miaka, mpaka alipostaafu.

"Na nyuki wakihama mzinga, mama, unajisikiaje?" aliuliza, kichwa kakiinamisha upande, kama mtu asiye na pa kwenda.

Mama akajibu, akacheka, akafunika ndoo yake. "Haya, baba. Kila siku unakuja kuniuliza, nami najibu. Na wewe je, nyumbani unaishi na nani?"

Kidole cha shahada cha mzee kikapanda juu taratibu. Niliwahi kuwa mgeni wake studioni, naijua ishara ile: anamtaka fundi mitambo apige wimbo.

Sisi watu wa mji huu tunajisifu kwa salamu. Tunaulizana hali mpaka za kuku. Lakini huyu aliyetuuliza habari zetu maisha yake yote, hatukuwahi kumrudishia swali.

Kidole kilibaki juu. Pale kibandani hapakuwa na wimbo.