Honi Mbili Upande wa Ruiru

Honi ya lori ya baba haijaharibika. Nasema hivyo kwa sababu hapa Kamenu, mjini Thika, watu wanafikiri imeharibika, na kuna fundi kule viwandani anamwambia kila mara ailete atengeneze. Baba anamjibu, "Nitaleta," na haleti. Waya aliikata yeye mwenyewe kwa kisu cha jikoni, mama akikitafuta nyumba nzima, na mimi nikamwona akiifunga ile ncha kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayefunga kidole kilichokatika. Siku hizi watu wakiwa barabarani anapiga mlango kwa kiganja. Wanageuka, wanacheka, wanatoka njiani.

Mimi sicheki. Nilikuwa nimekaa kando yake siku ile.

Baba anabeba mawe ya kujengea kutoka Thika kwenda Ruiru. Barabara kubwa ina daraja nzuri, lakini tangu serikali itangaze Imajensi, hali ya hatari, ina kizuizi cha polisi: shuka, toa pasi, mzigo upekuliwe, mvua ikikunyeshea. Kwa hivyo madereva wanapenda barabara ya ndani, ile ya murram, udongo mwekundu, inayokata mashamba ya kahawa. Huko hakuna daraja. Kuna drifti, yaani simiti imelazwa chini kabisa mtoni, maji yanapita juu yake na gari inapita ndani ya maji. Wakati wa jua unavuka na viatu vyako havilowi. Wakati wa mvua ndefu unavuka ukiomba Mungu.

Na ukishavuka, upande wa Ruiru kuna kona. Kahawa inaficha kila kitu, hata aliyebaki nyuma hakuoni tena. Ndiyo sababu madereva walikuwa na mambo yao ya honi. Wa kwanza akifika juu salama anapiga. Moja ndefu ni kaa hapo. Mbili fupi ni njoo. Hakuna mtu aliyeandika hiyo sheria mahali, lakini kila dereva aliijua, na ukisikia mbili, hushuki tena kupima maji kwa fimbo. Unaingia.

Siku hiyo nilikuwa naenda Ruiru kuuliza kazi ya kufundisha. Nilikuwa nimetoka shule ya sekondari na sikuweza kukaa nyumbani hata wiki moja zaidi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Tulipofika drifti maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na yalikuwa yanaenda kwa nguvu. Baba akashuka kuangalia yale mawe yaliyopakwa chokaa, yale yanayoonyesha mwisho wa simiti. Vichwa vya hayo mawe vilikuwa bado vinaonekana.

Nyuma yetu ikaja lori ya shamba moja la kahawa la Ruiru. Dereva wake alikuwa amepeleka kahawa kiwandani Thika na sasa alikuwa anarudi bila kitu, hata tanboi, kijana wa kumsaidia, hakuwa naye. Tulimsikia kabla ya kumwona, mbao za bodi lake tupu zikigongana. Yeye na baba walitahiriwa msimu mmoja, kwa hivyo waliitana wakini na wakatukanana kwa furaha. Alikuja kwa dirisha langu akiwa amejifunika gunia kichwani.

"Mwalimu," akaniambia, "watoto wa Ruiru wanangoja kiboko yako. Mwambie mzee aache kuogopa maji."

Baba akamwambia apite yeye basi, lori yake ni mpya.

"Wewe ndiye mzito, wakini," akasema. "Nenda utupimie."

Tukaingia. Maji yalifika kwa mlango, nikasikia baridi yake kwa miguu. Lori ilitetemeka lakini haikuteleza. Yale mawe nyuma yaliikalisha chini kama mama mnene kwa kiti. Tukapanda, tukazunguka kona, baba akasimama kukausha breki. Alikuwa anatabasamu. Akapiga honi, mbili.

Tukasikia injini ya rafiki yake ikinguruma, ikashuka, ikaingia ndani ya maji, sauti ikawa nzito. Halafu ikakatika. Haikuzima kama injini inavyozima, ikikohoa. Ilikatika kama mtu amefungwa mdomo katikati ya neno. Baba akangoja kidogo. Mimi nikangoja. Halafu akaruka nje na kukimbia, na nilipomfikia alikuwa amesimama pale ukingoni mikono imeshuka, na drifti ilikuwa haina kitu. Lori ilikuwa huko chini, mbali, imelala ubavu, na maji yalikuwa yanaizunguka kama imekuwa hapo miaka mingi.

Wachuma kahawa walimpata baadaye, pale mto unapopanuka.

Basi maneno yakaanza. Polisi alisema hana mtu wa kushtaki. Mzee wa kanisa akasema ni mapenzi ya Mungu. Madereva wenzake wakamwambia baba si yeye alikuwa ameshika usukani wa yule. Mama akamwambia anyamaze tu, asije akanyang'anywa leseni. Na msimamizi wa lile shamba akawaambia jamaa za marehemu kwamba mtu wao alikuwa mwenye pupa, kwamba alijitupa majini kwa haraka ya kufika nyumbani. Hayo ndiyo maneno yaliyoshika. Mpaka sokoni wakawa wanasema: yule dereva wa pupa. Nilikuwa naandika haya yote usiku na kalamu ilikuwa inatoboa karatasi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kuna mtu alipiga honi.

Baba hakubishana na mtu. Lakini mvua ikianza kupiga mabati, alikuwa anatoka na kwenda kukaa ndani ya lori, imesimama uani, imezimwa. Anakaa tu, mikono kwa magoti. Jioni moja nilimpelekea koti. Mimi ananiita maitu, yaani mama, kwa sababu nina jina la mama yake.

"Maitu," akauliza, "wewe ulisikia ngapi?"

"Mbili."

"Hata mimi," akasema, akaangalia mbele kama kuna barabara.

Mvua ikaisha, mto ukashuka, na lori ya marehemu ikaanza kutokeza, kwanza paa, halafu dirisha. Ndege walikuwa wanakaa juu yake. Tulikuwa tunaipita kila safari. Siku moja baba akapunguza mwendo, akaitazama, akasema kesho tutaenda Ngoliba.

Huko ndiko mjane alikuwa amerudi, kwa wazazi wa mume wake. Ngoliba ni kukavu. Vumbi lilitufuata mpaka mlangoni, na nilishangaa kwamba mtu wa kutoka hapa, mahali watu wanaangalia mawingu wakiyabembeleza, amekufa kwa maji. Baba ya marehemu alikuwa ameketi kwa kigoda akibambua mbaazi. Hakuacha kazi yake. Mjane akatuletea uji, baba akauweka chini bila kuonja.

Yule mzee ndiye alianza. Alisema mtoto wake alikuwa hivyo tangu zamani, wa kukimbia kimbia, na sasa wanaaibika hata kumtaja. Alisema bila kuinua macho. Baba akamwacha amalize.

"Hakukimbia," baba akasema. "Mimi nilikuwa mbele. Nilimpigia honi."

Mjane alikuwa anaingia nyumbani. Akasimama mlangoni.

"Ngapi?"

"Mbili."

Akashika mlango. Akaongea akituangalia sisi wote, hata mimi. Alisema ni yeye aliyemfunga na hiyo ahadi, mtoto wao wa kwanza alipozaliwa: asiingie maji kabla hajasikia mbili. Mumewe alikuwa anamcheka, lakini alikuwa anangoja. Kuna siku alirudi nyumbani wakiwa wamelala kwa sababu hakuna mtu aliyempigia.

"Alikuwa anangoja," akasema tena.

Mzee akaacha kubambua. Akamuuliza baba kwa nini alipiga.

"Kwa sababu mimi nilikuwa nimefika," baba akasema. "Nilikuwa na mawe, yeye hakuwa na kitu. Gari tupu maji yanaiinua. Najua hiyo tangu nianze kuendesha."

"Ulijua siku hiyo?"

Nilitaka baba aseme hapana. Nilikuwa tayari kuisema mimi.

"Nilijua. Nilisikia mbao zake zikigonga. Sikufikiria."

Yule mzee akapangusa mikono yake. Halafu akainua bakuli la uji kutoka chini, akampa baba mkononi, akamwambia unapoa. Hakuna aliyesema amesamehe. Mjane hakutusindikiza. Lakini tulipokuwa tunapanda lori nilimsikia mzee akimwita jirani juu ya ua, kwa sauti, aje asikie kile kilichompata mtoto wake.

Jioni hiyo ndiyo baba alichukua kisu cha jikoni.

Kazi ya Ruiru niliipata, kwa hivyo bado napanda lori hiyo. Mvua imerudi. Tukifika drifti na maji yamejaa, baba anazima, anashuka, anatembea nyuma kwa kila gari iliyopanga foleni na kuuliza: umebeba nini? Wenye mzigo anawaacha wajiamulie. Wasio na kitu anawaambia warudi barabara kubwa. Wanamtukana. Wanamuuliza alivaa kofia ya polisi lini. Mimi nachelewa shule, mwalimu mkuu ananitazama, nasema ni mvua.

Wiki iliyopita lori moja iliyobeba mbao ilivuka mbele yetu, ikapotea kwenye kona. Tukasikia honi upande wa Ruiru, mbili. Kijana aliyekuwa nyuma yetu, gari yake tupu, akawasha injini na kutoka kwenye foleni ili atupite. Baba akaenda akasimama mbele yake katikati ya barabara, akaweka mkono juu ya boneti.

"Toka, mzee," kijana akasema. "Si umesikia? Ni mbili."

"Hata yeye alisikia mbili," baba akasema.

Kijana hakujua anaambiwa juu ya nani. Aliacha injini ikinguruma muda mrefu, mvua ikimwagika kwa kofia ya baba, na baba hakuutoa mkono. Halafu ile injini ikazimwa, ikikohoa, kama injini inavyozima. Kukabaki maji tu.