Matumbo ya Uyoga

Baba yangu alichoma nyama Kenyatta Market kwa zaidi ya miaka ishirini, na alipofika nyumbani Kangemi jioni hakutaka hata kuisikia harufu ya nyama choma. Alichotaka ni matumbo. Mama aliyasugua kwa chumvi na ndimu, akayachemsha mpaka yakalainika, kisha akayakaanga kwa kitunguu, nyanya na dania hadi mchuzi ukawa mzito. Baba alivua viatu, akala na chapati mbili bila kusema neno. Siku nzima watu walikuwa wamemwita kutoka kila upande, na sasa hakuna aliyemwita.

Mimi nilikuwa msusi katika soko hilohilo, vibanda vichache kutoka kwake. Ndiyo maana nilifika wa kwanza siku ile aliyoketi chini ghafla kando ya moto, kisu bado mkononi, akisema kifua kimembana. Tulimpeleka kwa daktari mmoja Hurlingham, kijana mpole aliyempima na kumrudisha tena na tena kwa vipimo zaidi. Mwishowe alisema mishipa ya moyo imeanza kuziba. Mafuta apunguze, chumvi apunguze, na matumbo ayaache.

“Kabisa?” baba akauliza.

“Kabisa, mzee.”

Hofu ilimwingia mama. Alianza kupika kabeji ya kuchemsha, viazi vya kuchemsha, kila kitu cha kuchemsha, bila tone la mafuta. Baba alikula wiki ya kwanza ili kumfurahisha. Wiki ya pili akawa anasukuma sahani katikati. Alikonda, na hakukonda kwa namna ambayo daktari alitaka. Jioni alikaa kwenye kiti chake akitazama taarifa ya habari, lakini ukimuuliza imesema nini, hakujua.

Wakati huo nilikuwa na mteja mmoja Loresho, mama mstaafu ambaye nilimfuata nyumbani kwake kumsuka, kwa kuwa magoti yake hayakumruhusu kukaa kwenye viti vyetu vya soko. Katika chumba kilichokuwa gereji alikuwa akikuza uyoga, ule mpana wa kijivu unaoota kwa mafungu. Jumamosi moja tulipomaliza alinipakulia chakula cha mchana. Niliuma kipande kimoja, nikaacha kutafuna.

“Mama, hii ni matumbo?”

Alicheka mpaka akashika kichwa chake kilichosukwa upya. “Hiyo ni uyoga, msichana wangu. Chukua mwingine uende nao.”

Njiani, nikivuka Waiyaki Way kurudi Kangemi, nilishapanga kila kitu. Nilimwomba mama aniachie jikoni. Nilipika uyoga ule kama matumbo: kitunguu, nyanya, tangawizi, kijiko kimoja tu cha mafuta. Chapati nilizikanda kwa malenge yaliyopondwa na kuzichoma bila mafuta. Kisha nikafanya jambo ambalo nalijutia hadi leo. Nilipomwekea baba sahani, nikamwambia, “Daktari amesema unaweza kula matumbo kidogo.”

Uso wake ulifunguka. Alivua viatu. Alichovya chapati, akatia mdomoni, akatafuna mara mbili, kisha akaiweka chini taratibu.

“Hii si matumbo.”

Nikaanza kufuta meza.

“Nimeshika nyama kwa mikono hii tangu hujazaliwa,” akasema. Hakupaza sauti. “Niliambiwa mimi ni mgonjwa, mama. Sikuambiwa mimi ni mtoto.”

Aliniita mama kwa sababu nilibeba jina la mama yake, na usiku ule neno hilo lilinichoma. Alivaa viatu akatoka nje. Mama hakunilaumu. Alikaa akaimaliza sahani ile peke yake, kisha akasema ilikuwa na maji mengi.

Siku tatu baba aliniitikia salamu tu. Wakati huo alikuwa amerudi sokoni kwa kazi nyepesi, anakaa kwenye benchi na mwenzake anasimama motoni. Siku ya nne, saa ya mchana, nilimwacha mteja wangu akisukwa na mwenzangu, nikaenda kwake na mfuko wa uyoga mbichi, nikauweka mezani mbele yake.

“Baba, nilikudanganya. Huu ni uyoga. Nimeshindwa kuupika. Nisaidie.”

Alifungua mfuko. Akatoa uyoga mmoja, akaurarua, akaunusa.

“Uliuosha?”

“Ndiyo. Niliuloweka.”

“Hiyo ndiyo makosa yako. Uyoga wenyewe ni maji, na wewe unaongeza maji.”

Aliufuta kwa kitambaa kikavu, akaurarua vipande virefu, akavipanga pembeni mwa wavu pale makaa yasipokuwa makali. Mchomaji wa kibanda cha pili akaangua kicheko. “Mzee, siku hizi unachoma mboga?”

“Nachoma,” baba akasema. “Una shida?”

Aliugeuza mara moja tu, bila haraka, mpaka ukakauka na kingo zikawa za kahawia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue kumwona amesimama motoni. Tuliubeba nyumbani, naye akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yangu yote: akaingia jikoni. Yeye, aliyepikia nusu ya Nairobi, hakujua mwiko unawekwa wapi. Mama alimnyang’anya sufuria, akamwelekeza kwenye kiti, akakaanga mwenyewe huku baba akitoa amri kutoka kitini. Badala ya chumvi nyingi mama aliongeza ndimu. Walibishana kuhusu dania hadi nikacheka.

Baba alikula akamaliza. “Si matumbo,” akasema tena. Akajipangusa midomo. “Lakini ni chakula.”

Kuanzia hapo tulikula uyoga wa kuchoma kila wiki. Mteja wangu wa Loresho alituwekea fungu, na daktari aliridhika na vipimo. Nisingependa kusema kwamba baba aliyasahau matumbo. Mwaka uliofuata, nikipita nyuma ya soko mchana, nilimwona ameketi katika hoteli moja ndogo ya mabati, ameinamia bakuli. Aliinua macho, macho yetu yakakutana. Nilitamani kuingia. Niliwaza pia maneno yake siku ile, kwamba hakuambiwa yeye ni mtoto. Nikapita.

Jioni mama alimuuliza mbona leo hana njaa.

“Nilikula sokoni,” baba akasema, akanitazama.

Mama alingoja aseme amekula nini. Hakusema, nami sikusema. Nilimsogezea chai.