Mgeni wa kwanza wa tovuti yangu

Usijifunze kutengeneza tovuti kwa boma la mtu mwenye deni la mahari.

Mjomba wangu wa Mukuju ndiye alitaka tovuti ya kuuzia ng'ombe. Nimehangaika na databesi wiki nzima, mwanzo mgumu! Jana ikakubali. Nikaingiza ng'ombe wake wote na picha, nikatupa linki kwa grupu la familia, wakwe wakiwemo.

Kumbe mjomba aliwaambia wakwe zake wa Busia ng'ombe wote walikufa.

Leo baba mkwe wake kaingia bomani, simu mkononi. "Mwanangu, huyu mwekundu amefufuka lini?"

Mjomba akanigeukia mimi. "Wewe umenimaliza."

Mimi! Mwongo ni nani hapa?

Tovuti imepata mgeni mmoja tu, na ameondoka na yule mwekundu.

Haya, chekeni.